Wasomaji wanauliza: Van Horne, kijana wa telegrafu aliyekuja kuendesha reli ya Canada

Toleo lililopita kwenye makala ya reli za zamani nilimtaja mtu mmoja kwa mstari mmoja tu, William Cornelius Van Horne, Mmarekani aliyesimamia ujenzi wa reli ya Canadian Pacific (kwa kifupi CPR) kuvuka Canada nzima, halafu nikapita zangu. Maswali yaliyokuja baada ya hapo ni mengi, mengine ya WhatsApp, mengine barua kabisa zenye stempu, kwa hiyo leo safu yote tunampa yeye. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mhariri habari za kazi. Huyu Van Horne ndo alikuwa mwenye reli au? Maana nikisoma habari za reli za Marekani za wakati ule naona majina ya matajiri tu, kina Vanderbilt. Sasa yeye alikuwa nani hasa? (Msomaji, Morogoro)

Nzuri ndugu yangu. Swali lako nimelitanguliza kwa sababu hapo ndo wengi wanachanganya. Cornelius Vanderbilt alikuwa mwenye mali, ananunua hisa mpaka kampuni inaingia mkononi mwake. Van Horne hakuanza hivyo. Van Horne alikuwa mwajiriwa, anaandikwa kazi, analipwa mshahara, akifanya vizuri anapandishwa, na kampuni nyingine ikimtamani inamchukua. Hisa na utajiri vilimfuata baadaye sana akiwa mtu mzima na jina lake limeshatengenezwa na kazi.

Na hiyo kazi yenyewe ya umeneja, wakati anazaliwa 1843, ilikuwa bado changa. Fikiria kiwanda cha nguo cha zamani, mwenye mali anaweza kuamka asubuhi akakizunguka chote kwa miguu, akaona nani yupo na nani kachelewa. Reli huwezi kuizunguka kwa miguu. Kazi imetandazwa maili mia kadhaa, wafanyakazi wako huwaoni, halafu njia ni moja na treni zinatoka pande zote mbili, yaani mtu mmoja akikosea saa yake watu wanakufa. Na walikufa kweli, Oktoba 1841 huko Massachusetts treni mbili za Western Railroad ziligongana uso kwa uso, na baada ya hapo kampuni ikakaa chini ikapanga nani anamwajibikia nani, kutoka kwa mtu wa njia mpaka ofisi kuu. Miaka ya 1850 Daniel McCallum wa reli ya Erie akaenda mbele zaidi, akachora vyeo vyote kwenye mchoro mmoja wenye matawi kama mti. Kwa hiyo ule mchoro wa vyeo unaouona umebandikwa ukutani kwenye ofisi za leo, ukiufuatilia nyuma unakutana na reli. Van Horne alikulia humo humo, ni kizazi cha kwanza cha watu ambao kuendesha shirika ilikuwa ndo fani yao ya maisha.

Mwanangu, mimi ni mstaafu wa reli, nimekaa stesheni miaka mingi. Uliandika kwamba alianza na telegrafu. Nataka kujua alipandaje mpaka juu, maana kwetu mtu wa stesheni alikuwa anaishia stesheni. (Mzee msomaji, Tabora)

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa barua ya mkono, maandishi yako yamenyooka kuliko ya kwangu.

Alizaliwa kijijini Illinois, kwenye nyumba ya magogo, baadaye familia ikahamia mji wa Joliet. Baba yake alikuwa mwanasheria na ndo meya wa kwanza wa Joliet, lakini 1854 kipindupindu kikamchukua, akaacha mjane na watoto watano. William ndo mkubwa wao na alikuwa na miaka 11. Hapo tena shule ikawa ya kubahatisha, kijana anapeleka ujumbe wa telegrafu nyumba kwa nyumba apate senti za nyumbani, na akiwa ofisini anasubiri anakodoa macho jinsi wale wakubwa wanavyoichezesha mashine. 1857, miaka 14, akaacha shule moja kwa moja akaingia reli ya Illinois Central kama mtu wa telegrafu. Hakudumu sana, inasimuliwa kwamba alipitisha umeme wa mashine kwenye bamba la chuma uwani ili watu wakikanyaga washtuke, na aliyekuja kukanyaga akawa bosi wake. Alifukuzwa siku ile ile.

Sasa sikia hapa mzee wangu, maana hapa utaielewa kuliko wote. Wakati ule mashine ilikuwa inachapa nukta na vistari kwenye utepe wa karatasi, mtu anauvuta utepe, anausoma kwa macho, halafu ndo anaandika maneno. Van Horne akajizoeza kusikiliza ile tik tik yenyewe kwa sikio, bila kutazama utepe, ujumbe unaingia sikioni na mkono unaandika hapo hapo. Alikuwa kati ya wa kwanza kabisa jimboni kwake kufanya hivyo. Mtu anayesikia anapata kila kinachopita kwenye waya hata kama si chake, anajua treni ipi imechelewa, behewa gani limeharibika wapi, bosi anamgombeza nani, kwa hiyo akiwa kijana wa miaka 16, 17, ameshaisikia reli nzima ikiongea.

Baba yangu mimi naye alikuwa stesheni masta, stesheni ndogo ya Reli ya Kati, na nilipokuwa mtoto nilikuwa namuona usiku na taa yake ya chemli, simu haijamaliza kulia ameshanyanyuka, anasikiliza, anarudia namba ya treni kwa sauti mara mbili, anaandika karatasi ya ruhusa, anaibana kwenye fimbo, anatoka nje kusimama karibu kabisa na reli. Treni haisimami. Kichwa kinapita na upepo wake na moshi wake, mkono wa dereva unatoka dirishani, karatasi imeondoka. Nikisoma kuhusu Van Horne naona kazi ile ile ya baba.

Basi vyeo vikaja hivi. 1862 akahamia Chicago and Alton, yuko Joliet anakata tiketi na kupokea telegrafu. 1864 wakampeleka Bloomington kuwa kontrola wa treni, yule anayeamua treni ipi isubiri lupu, yaani kwenye njia ya pembeni ya kupishania, na ipi ipite. 1868 msimamizi wa telegrafu za reli nzima, 1870 msimamizi wa usafirishaji. Alipokuwa na miaka 18 hivi aliwahi kumuona msimamizi mkuu wa reli akishuka kwenye behewa lake binafsi, akajiapiza kwamba na yeye atakuwa hivyo. 1872, miaka 29, akawa msimamizi mkuu wa reli ya St. Louis, Kansas City and Northern, na wanasema hapakuwa na mwenye cheo hicho aliye mdogo kuliko yeye.

Halafu 1874 akapewa mgonjwa mahututi, Southern Minnesota, reli iliyofilisika na iko chini ya mahakama. Na akaikuta na janga la nzige, maana miaka ile ya 1873 mpaka 1877 nzige walikula ngano ya Minnesota mpaka mashamba yakabaki meupe, na reli isiyo na ngano ya kubeba inakufa tu. Wakulima walikuwa wanakokota mabati yaliyopakwa lami nyuma ya farasi, nzige wakiruka wananasa. Pamoja na yote hayo, ndani ya miaka michache reli ikatoka mahakamani ikawa inaingiza hela, kwa kubana matumizi na kupanga treni vizuri. Hapo sasa kila kampuni ikaanza kuulizia huyu ni nani. 1880 alikuwa Chicago, Milwaukee and St. Paul, reli kubwa kweli kweli, na huko ndo Canada walikomfuata.

Umesema kwenu mtu wa stesheni alikuwa anaishia stesheni. Mi naona kilichomsaidia, ukiacha akili yake, ni kwamba reli za Marekani zilikuwa zinaongezeka kwa kasi kuliko watu wenye kuzijua, kwa hiyo aliyejua kazi hakuulizwa cheti. Baba yangu alijua kazi vile vile. Alistaafu stesheni masta.

Jambo ndugu. Mie ni mtu wa Bukavu, sasa naishi Winnipeg na kila siku napita karibu na reli ya CPR. Watu hapa wanasema Van Horne alijenga reli hii yote. Ni kweli? Mmarekani alifika vipi Canada? (Msomaji, Winnipeg)

Jambo sana ndugu yangu wa Bukavu, uko mahali penyewe kabisa, maana hapo Winnipeg ndo aliposhukia. Ilikuwa mkesha wa mwaka mpya kuingia 1882, na baridi ya huko unaijua wewe.

Canada ilikuwa imeahidi jimbo la British Columbia kwamba likijiunga na nchi 1871 litapata reli ndani ya miaka 10. Miaka 10 ikaisha reli hamna. Ndipo serikali ikaingia mkataba na kundi la matajiri wakiongozwa na George Stephen wa Montreal, kampuni ikasajiliwa Februari 1881: kampuni inapewa dola milioni 25 na ardhi ekari milioni 25, juu ya vipande ambavyo serikali ilikuwa inavijenga yenyewe. Msimu wa kwanza ukaenda ovyo, wakalaza maili kidogo sana. James J. Hill, mwenye reli wa Minnesota ambaye alikuwa mmoja wa wale matajiri, akawaambia mtu mnayemtaka ni Van Horne. Wakamchukua kuwa meneja mkuu kwa dola 15,000 kwa mwaka, mshahara ambao kwa wakati ule ulikuwa unasimuliwa.

Akatangaza kwamba mwaka 1882 atalaza maili 500. Watu wakaona anaota. Halafu masika yakaja mafuriko ya Red River, mto huo hapo kwenu, mabehewa ya reli na mataruma yakakwama wiki na wiki. Ila kazi ilipoanza ilikuwa kama kiwanda kinachotembea: treni ya vifaa inafika mwisho wa reli, kila behewa limepakiwa reli, mataruma, misumari na vibao vya kuungia kwa idadi kamili ya kipande fulani cha njia, wala hakibaki kitu wala hakipungui, watu wanashusha, wanalaza, wanagongelea, treni inasogea mbele juu ya reli iliyolazwa muda ule ule. Mwisho wa msimu walikuwa na maili kama 418 za njia kuu, karibu kilomita 670. Hakufika 500, lakini aliyoyafanya hakuna aliyewahi kuyaona. Mwaka uliofuata kuna siku walilaza zaidi ya maili 6 kwa siku moja, na Agosti 1883 reli ikaingia Calgary.

Tambarare ile ilikuwa ndo rahisi. Kaskazini mwa ziwa Superior kulikuwa na mwamba mtupu mgumu kama chuma, ukimaliza mwamba unakutana na kinamasi, unamwaga kifusi leo, kesho kimezama na reli yake juu. Baruti zilihitajika nyingi mpaka wakajenga viwanda vitatu vya baruti huko huko porini. Hill yeye alitaka njia ipite kusini mwa ziwa, upande wa Marekani, iungane na reli yake, na Van Horne, ingawa alikuwa Mmarekani na Hill ndo aliyempa kazi, akang'ang'ania njia yote ibaki ndani ya Canada. Hill akajitoa 1883, akaja kujenga ya kwake, Great Northern, wakawa washindani maisha yao yote.

Na milimani huko Kicking Horse walichagua njia ya haraka yenye mwinuko wa asilimia 4.5, yaani kila mita 100 unapanda mita 4 na nusu, kwa reli hiyo ni kama ukuta. 1884 treni ya ujenzi ikawashinda breki ikiteremka, watu 3 wakafa. Hiyo ilikuwa iwe njia ya muda tu, ikakaa miaka 25 mpaka mahandaki ya kuzunguka ndani ya mlima yalipofunguliwa 1909. Hapa mi simtetei. Aliokoa muda na hela, na madereva ndo walioilipa miaka yote hiyo kila wanaposhuka kilima kile mkono uko kwenye breki.

Mapema 1885 kampuni ilikuwa haina kitu. Mishahara imechelewa miezi, Aprili wafanyakazi wa milimani pale Beaver wakagoma mpaka polisi wakaitwa. Stephen na binamu yake Donald Smith waliweka rehani mpaka mali zao binafsi. Mwezi uliotangulia Wametis, yaani watu wa damu mchanganyiko ya wenyeji na wazungu, na baadhi ya Wakrii, wenyeji wa Saskatchewan, Louis Riel akiwa mbele, walikuwa wameshika silaha kudai ardhi na haki zao. Van Horne akaiambia serikali atawafikisha askari kwa reli ingawa njia kaskazini mwa ziwa bado ilikuwa na mapengo, kwenye mapengo wakapanda sleji na wengine wakatembea kwa miguu juu ya barafu, lakini wa mwanzo walifika Winnipeg kwa siku zinazohesabika, wakati 1870 jeshi kama hilo lilichukua zaidi ya miezi 3. Bunge likaona faida ya reli, Julai mkopo ukapita. Tarehe 7 Novemba 1885, mahali panaitwa Craigellachie, Smith akapiga msumari wa mwisho. Wa kwanza ulipinda, wakaleta mwingine. Van Horne alikataa habari za msumari wa dhahabu, ukatumika wa chuma kama mingine yote, na alipoambiwa atoe hotuba alisema sentensi moja tu kwamba kazi imefanyika vizuri kila upande. Siku 9 baadaye Riel akanyongwa Regina. Tarehe hizo mbili mi naziweka pamoja kwa makusudi, maana reli iliyookolewa na vita ile ndo iliyowaleta askari wa kuwashinda watu wa Riel.

Kwa hiyo swali lako, alijenga yote? Hapana. Upande mkubwa wa British Columbia ulijengwa kwa mkataba wa serikali na mkandarasi Andrew Onderdonk, na hilo linanipeleka kwenye barua inayofuata.

Nimeiona ile picha maarufu ya msumari wa mwisho. Wazee wenye ndevu na makoti. Wako wapi Wachina? Mbona hamuwasemi? (Msomaji, Mombasa)

Dada yangu, umesema kweli, na toleo lililopita sikuwasema, hilo ni kosa langu.

Onderdonk aliingiza vibarua wa Kichina kama 15,000 kati ya 1880 na 1885 kwenye lile korongo la mto Fraser, ambako njia ilibidi ichongwe kwenye ukuta wa mwamba juu ya maji yanayochemka. Walikuwa wanalipwa kama dola moja kwa siku, wazungu dola moja na nusu mpaka mbili na nusu, na ile moja yao chakula na vifaa vya kambi wanajinunulia wenyewe. Walipewa kazi za baruti. Walikufa kwa milipuko, kwa mawe yanayoporomoka, kwa baridi, kwa kiseyeye kwa sababu ya kula wali na samaki mkavu bila mboga. Hesabu ya chini inayokubalika ni watu 600. Na mwaka ule ule wa 1885, kazi yao ilipokuwa inaisha, bunge la Canada likaweka kodi ya kichwa ya dola 50 kwa kila Mchina anayetaka kuingia, ikapandishwa mpaka kufikia dola 500 mwaka 1903. Serikali iliomba radhi rasmi Juni 2006.

Kwenye picha ile, mpiga picha akiitwa Alexander Ross, huoni uso wa Mchina hata mmoja. Nimeitazama mara nyingi. Kuna mtoto mdogo anachungulia katikati ya wakubwa, kuna Smith ameinama na nyundo, Van Horne yuko karibu, mnene, mikono mfukoni.

Je Van Horne anahusika? Wale hawakuwa waajiriwa wake, lakini kipande kile kilikabidhiwa kwa kampuni bure na kampuni ikala faida yake, na yeye ndo alikuwa mkuu. Na ardhi zile ekari milioni 25 zilikuwa na wenyewe pia. Wasiksika, wenyeji wa tambarare ile chini ya chifu Crowfoot, 1883 waliona reli inapita kwenye ardhi waliyoachiwa kwa mkataba wa 1877, nyati walikuwa wameshaisha na njaa iko ndani ya mahema. Padri Lacombe akaenda na unga, chai, sukari na tumbaku kuwatuliza. Baadaye Van Horne alimpa Crowfoot pasi ya kusafiri bure maisha yake yote, na chifu aliivaa shingoni kwa mnyororo. Mi sijawahi kuweza kuifurahia hadithi hiyo kama vitabu vya reli vinavyoifurahia. Pasi ya treni kwa ardhi nzima.

Huyu jamaa alihusika na reli yetu ya Mombasa hadi Kisumu? (Msomaji, Kisumu)

Hapana kaka. Ile ilianza Mombasa 1896 na kufika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901, chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse, na ilikuwa ya serikali ya Uingereza kwa hela ya bunge lao, wakati ya Van Horne ilikuwa kampuni yenye hisa inayopewa ruzuku. Kinachofanana ni damu ya vibarua walioletwa kutoka mbali: kwetu walitoka India karibu 32,000, na karibu 2,500 wakafa.

Mimi niko kwenye utalii Arusha. Nimesikia kwamba hoteli kubwa za Canada zilianzishwa na watu wa reli. Kweli? (Msomaji, Arusha)

Kweli, na mwanzo wake ni uzito tu. Behewa la kulia chakula lilikuwa zito mno kulivuta kupanda kwenye ile milima, kwa hiyo wakasema badala ya kuvuta jiko, treni isimame abiria washuke wale. Ndo zikajengwa Mount Stephen House pale Field na nyumba nyingine ndogo mbili za milimani. Wageni wakaanza kulala wakaangalie barafu za milimani. Van Horne akaona kwamba mandhari huwezi kuipakia ukaisafirisha, mwenye kuitaka lazima aje, na akija analipa nauli.

1888 ikafunguliwa hoteli ya Banff Springs. Inasimuliwa kwamba alipokwenda kukagua ujenzi alikuta mkandarasi ameigeuza nyumba, jikoni ndo kunaangalia bonde la mto na vyumba vya wageni vinaangalia miti, akakasirika, akachukua karatasi akachora mwenyewe banda la kukaa wageni upande wa bonde. Kuchora alikuwa anajua. Quebec ikaja Château Frontenac 1893. Na alikataa kabisa kuziachia kampuni nyingine telegrafu, vifurushi na mabehewa ya kulala kama reli nyingi za Marekani zilivyofanya, kila chenye faida kikabaki ndani. 1891 zikaongezwa meli tatu za Empress kutoka Vancouver mpaka Japan na Hong Kong, na hata hilo jina la Vancouver yeye ndo aliyelipendekeza kwa mji wa mwisho wa reli. Nyinyi wa Arusha mtaielewa hesabu yake, mgeni anashuka melini, anapanda treni, analala hotelini, anatuma telegrafu nyumbani, na hela yote inaingia mfuko mmoja.

Alistaafu lini na alifanya nini baada ya hapo? (wasomaji kadhaa)

Alikuwa rais wa kampuni kuanzia 1888 mpaka Juni 1899, katikati hapo 1894 akapewa u-Sir na malkia Victoria. Aliyempokea ni Thomas Shaughnessy, ambaye Van Horne mwenyewe alimleta 1882 kuwa mnunuzi wa vifaa, na ndo aliyewazungusha wadai mwaka ule mbaya wa 1885 mpaka mkopo ukafika.

Yeye kukaa hakuweza. Mwaka mmoja haujaisha yuko Cuba. Kisiwa kilikuwa chini ya jeshi la Marekani na sheria inakataza kutoa kibali chochote cha reli kwa kampuni, mashariki yote ya kisiwa hakuna reli ndefu. Unajua alifanyaje? Akanunua ardhi. Ukanda mwembamba, kipande kwa kipande, kutoka kwa wenye mashamba, kama mtu yeyote anayenunua kiwanja, halafu akawa anajenga reli kwenye ardhi yake mwenyewe, na sehemu za kukatiza barabara za umma akaomba ruhusa ya muda. Mwisho wa 1902 treni ikawa inatoka Santa Clara mpaka Santiago, maili kama 350.

Alifariki Montreal Septemba 1915, miaka 72. Mwili ulirudishwa kwa treni mpaka Joliet, mji ule ule alikopeleka telegrafu akiwa mtoto.

Swali langu dogo tu. Nyumbani alikuwa mtu wa namna gani? Na kuna kitu chake cha kutembelea? Nina mtoto anasoma New Brunswick. (Msomaji, Lamu)

Mtu wa kula sana, inasimuliwa alikuwa anatuma telegrafu stesheni ya mbele waandae kuku wa kuchoma wa watu wawili, akifika anakula yote peke yake. Sigara kubwa, karata za poka usiku kucha, fidla. Alipaka rangi picha za mandhari, alikusanya vyombo vya udongo vya Kijapani na kuvichora kimoja kimoja kwa mkono wake kwenye daftari, na miamba aliipasua kutafuta visukuku tangu utotoni. Jumba lake la Montreal lilibomolewa 1973 na watu wa mji wakakasirika mpaka likaanzishwa vuguvugu la kulinda majengo ya zamani.

Lakini mama, una bahati, mwanao yuko jirani. Karibu na mji wa St. Andrews, huko huko New Brunswick, kuna Ministers Island, kisiwa alichojenga nyumba yake ya kiangazi ya mawe, akaiita Covenhoven kwa jina la kati la baba yake, na ghala kubwa la ng'ombe, na nyumba ya kuogea baharini. Njia ya kwenda ni fungu la kokoto chini ya bahari. Maji yakipwa linatokeza, gari linapita kavu kabisa. Maji yakijaa barabara haipo, na kujaa kwa huko ni mita kadhaa, si kama bamvua la kwetu. Mwambie aangalie saa za kupwa kabla hajatoka, na asikae juu kule akisahau kurudi.